Kilwa Ipi? Juu ya Majina Yasiyotosha katika Programu za Kompyuta

Iko hoja moja inayopendwa sana na vijana wetu wanaoandika programu za kompyuta, nami nataka kuipinga waziwazi. Husema kuwa mashine haijali majina. Ukiita nafasi ya kumbukumbu "kina cha maji", au ukiiita "k" tu, hesabu itakuwa ile ile. Basi jina ni pambo, na mwenye kulihangaikia ana wakati wa kupoteza. Neno la kwanza ni kweli. La pili halitokani na la kwanza hata kidogo. Programu ina wasomaji wawili, mashine na binadamu, na huyu wa pili ndiye atakayeitengeneza siku ambayo aliyeiandika hayupo.

Abiria atokaye Dar es Salaam kwa safari ya "Kilwa" hulijua jambo hili afikapo njia panda ya Nangurukuru. Kilwa ipi? Iko Kilwa Kisiwani, penye magofu ya Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa. Iko Kilwa Kivinje, bandari iliyovuma katika karne ya 19 kwa biashara ya pembe na, kwa aibu yetu, ya watumwa. Iko Kilwa Masoko, makao ya wilaya. Tena iko Kilwa nyingine mbali kabisa, kando ya Ziwa Mweru huko Kongo. Wenyeji wa pwani hawasumbuki. Wao husema Kivinje, husema Masoko, husema Kisiwani. Huliacha neno linaloshirikiwa wakalishika linalopambanua. Hiyo ndiyo elimu ya kutaja vitu, wala hawakuipata chuoni.

Sasa na tuwatazame waliosoma. Katika programu za ngazi ya chini, zile zinazosema na mashine ana kwa ana, kiasi cha biti ambacho mashine hushika kwa mara moja huitwa "neno". Kwa Intel neno ni biti 16, kwa sababu mashine yao ya 8086 ya mwaka 1978 ilikuwa ya biti 16. Mwaka 1985 ilikuja 80386 ya biti 32, lakini neno likabaki biti 16 ili maandishi ya zamani yasivurugike, na kile kipimo kipya kikaitwa neno maradufu. Kwa mashine za ARM neno ni biti 32, na biti 16 ni nusu ya neno. Katika lugha ya C, namba ya aina ya "long" ni biti 32 ndani ya Windows ya biti 64, na ni biti 64 ndani ya Linux, juu ya mashine ile ile moja. Ni duka gani ambalo pishi yake hubadilika kwa kubadilika muuzaji, na wateja wakaridhika?

Hapo hujibiwa: "Kila mtu wa kazi hii anajua." Jibu hili halitoshi, na ushahidi uko Kilwa Kisiwani. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe, nyingi za shaba, zenye jina la mtawala na maneno ya kumtaja Mungu, pasipo mwaka. Mchonga muhuri hakukosea kwa wakati wake; sokoni kila mtu alimjua sultani aliyekuwapo. Lakini majina ya watawala wale yalirudiwarudiwa, na waliojua wamekufa. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, alimweka Ali bin al-Hasan wa sarafu karibu na mwaka 1200. Hazina ya sarafu ilipofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, wataalamu wengine wakamrudisha hadi karne ya 11. Zaidi ya miaka mia ya historia yetu imening'inia juu ya jina moja lililomtosha kila mtu wa siku zake.

Wala tusiwacheke wageni. Lugha yetu nayo ina mitego yake. Tuseme kijana wa Lindi ameandika programu ya kutabiri maji kujaa na kupwa, na ndani yake mna mstari usemao: saa = 3. Je, ni muda wa saa tatu? Ni saa tatu ya asubuhi, ambayo mashine huihesabu 9? Au ni saa 3 ya mashine, ambayo kwetu ni saa tisa ya usiku? Kosa la saa sita si dogo, maana ndio takriban muda wa maji kutoka kujaa hadi kupwa. Nahodha atakayeamini programu hiyo ataambiwa maji yamejaa, na jahazi lake litakaa juu ya mwamba.

Nakiri kuwa ufupi ulikuwa na sababu zamani. Kanuni za C za mwaka 1989 ziliahidi kutambua herufi 6 tu za jina lililotumika nje ya faili lake. Sababu hiyo imekwisha, mazoea yamebaki. Nakiri pia kuwa "i" katika mistari mitatu haimdhuru mtu, kama vile aliye Masoko asivyohitaji kujitajia Masoko. Lakini jina linalosafiri lazima lichukue kipimo chake. Kanuni za C za mwaka 1999 zililikubali hili zilipoleta majina kama "int32_t", yanayotamka biti zake. Mwaka ule ule Marekani ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter, kwa kuwa programu moja ilitoa msukumo kwa ratili na nyingine ikausoma kwa nyutoni. Mashine hazikujali majina, kama tuambiwavyo. Zilikokotoa bila kosa, na chombo kikaangamia.

Basi, kijana, andika "saa_ya_kuondoka_usiku", andika "kina_kwa_sentimita". Vidole vitachoka kidogo. Atakayekuja baada yako hatasimama Nangurukuru akiuliza njia, na wewe hupo kumjibu.