Mlengaji, miwani na aibu ya utu uzima

Mnamo Julai 30, 2024, katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, Mturuki wa miaka 51, Yusuf Dikeç, alisimama mkono mmoja mfukoni na kwa mkono wa pili akainyosha bastola ya hewa. Usoni alivaa miwani ya kawaida, kama ile aivaayo karani yeyote. Yeye na mwenzake, Şevval İlayda Tarhan, walitwaa medali ya fedha nyuma ya Waserbia. Hiyo ilikuwa Olimpiki yake ya tano na medali yake ya kwanza. Wengi waliustaajabia utulivu wake. Mimi niliitazama miwani, na sababu ninayo.

Muhula mmoja nilimpunguzia mwanafunzi alama kwa kuandika “ngambo” mahali pa “ng’ambo” katika insha nzima. Alikuja ofisini, akaiweka karatasi penye mwanga wa dirisha, akanena kwa adabu: “Daktari, ritifaa ipo.” Kweli ilikuwapo, tena kila mahali. Mimi ambaye hulipwa kwa kuona tofauti baina ya sauti na sauti, nilikuwa nimepitwa na alama isiyozidi punje ya mtama. Nilimrudishia alama zake, nikamwomba radhi. Hata hivyo, nilichukua miezi mingine minne kabla ya kwenda kupimwa macho. Nilikuwa nikiona haya.

Msomaji mpendwa, lililonipata humpata kila binadamu. Ndani ya jicho mna lenzi ambayo katika ujana hujikunja na kujikunjua ili kuona karibu na mbali. Tangu umri wa miaka 40 au karibu na hapo, lenzi hiyo huwa imekwisha kuwa ngumu kiasi cha kutambulikana. Vya mbali huweza kuonekana sawasawa, lakini vya karibu hufifia.

Mlengaji wa bastola huitambua hali hii mapema. Mbele yake mna vitu vitatu: pengo lililo nyuma ya bastola, kinundu kilicho kwenye ncha ya mtutu, na shabaha iliyo umbali wa mita 10. Hakuna jicho, hata la kijana, liwezalo kuviona vyote vitatu barabara kwa wakati mmoja. Katika lugha yetu shabaha ni kitu kinacholengwa na pia ni nia yenyewe, na kwa hivyo tungedhani kwamba mlengaji hodari huikazia macho shabaha. La hasha! Yeye hukikazia macho kinundu cha mbele, akaiacha shabaha ififie kama wingu.

Sababu yake ni hesabu tu. Mkono ukitikisika na bastola nzima ikasogea kando milimita 1 bila kupinda, risasi nayo itakosea milimita 1. Lakini kinundu kikipotoka milimita 1 tu kutoka katikati ya pengo, na viwili hivyo vimeachana kwa sentimita 30, risasi itakosea milimita 33. Duara la alama kumi lina upana wa milimita 11.5 pekee.

Kwa hivyo, mlengaji mwenye umri hahitaji miwani yoyote ile. Miwani ya kusomea hulenga kitabu kilicho umbali wa sentimita 40 hivi, ilhali kinundu kiko mbele zaidi ya urefu wa mkono. Miwani ya sehemu mbili humlazimu kuinua na kuinamisha kichwa kama kuku anywaye maji. Humbidi amweleze mpimaji umbali kamili, kisha atengenezewe lenzi ya kazi hiyo. Dawa ya jicho lililochoka ni kuikiri kazi yake na kulipimia kwa kazi hiyo.

Hapa ndipo suala hili linapotuhusu. Serikali yetu huwakabidhi silaha maelfu ya maafisa. Aliyeajiriwa akiwa na miaka 20 si yule yule akiwa na miaka 48. Atasema mtu kwamba katika purukushani za barabarani hakuna anayetazama kinundu. Huenda ni kweli, lakini hapo afisa huhitaji zaidi macho ya mbali ili apambanue simu na kisu mkononi mwa raia. Hiyo ni hoja ya kupima mara mbili, wala si hoja ya kutopima. Kosa la kalamu yangu lilifutika kwa siku moja. Kosa la risasi halina kifutio.

Wala si wenye silaha pekee. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu milioni 826 wana tatizo hili la kuona karibu na hawajapata msaada. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu wachuma chai wa Assam, India, waliotimu miaka 40 na zaidi, ulionyesha kuwa uchumaji wa waliopewa miwani uliongezeka kwa zaidi ya thuluthi, zaidi ya maradufu ya nyongeza ya wenzao wasioipewa. Kericho na Nandi wamo wachumaji wa rika hilo hilo. Wamo pia mafundi cherehani wanaoomba watoto wawatungie uzi sindanoni.

Maoni yangu ni kwamba kila mwajiri, ikianzia na serikali, awapime macho wafanyakazi waliopita miaka 40 angalau kila baada ya miaka miwili, na miwani ihesabiwe kuwa kifaa cha kazi kama buti na sare. Tena asiadhibiwe anayekiri kwamba haoni vyema, kwani adhabu hiyo itawafundisha wenzake kunyamaza.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Katika kisa changu, aliyekaribia kulia ni mwanafunzi asiye na hatia. Siku hizi husahihisha insha nikiwa nimevaa miwani, na wanafunzi wangu wamekoma kuzileta dirishani.