Wanaomlaumu Mzazi

Lugha yetu imemheshimu mwanamke aliyejifungua kwa kumwita mzazi, na desturi ya pwani ikamwekea siku arobaini za kupumzika. Katika siku hizo hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga na supu ya kuku, na kazi za nyumba hufanywa na mama yake, shangazi yake au mawifi wake. Bara nako kuna desturi zinazofanana na hizo. Sizidharau hata moja, maana waliozianzisha walikuwa na akili. Neno langu ni juu ya mzazi ambaye kati ya siku hizo, au baada yake, hana furaha. Na zaidi ni juu ya watu ambao, wakimwona hana furaha, humfanya mshtakiwa.

Mashtaka yenyewe, msomaji, umekwisha kuyasikia. Akilala mchana huitwa mvivu. Akitoa machozi huitwa mwenye deko. Mtoto akilia naye asimwinue upesi, husemwa kuwa hampendi. Mmoja hunong'ona kwamba ana jini, wa pili kwamba amelogwa, na wa tatu, ambaye hujiona mwenye busara kuliko wote, humwambia ashukuru, kwa kuwa wako wanaotafuta mtoto wasipate. Mimi nasema kwamba wote hawa wamekosea, na kosa lao si dogo, kwa sababu humwongezea mgonjwa ugonjwa.

Anaugua nini? Wazazi wengi huona majonzi na machozi kuanzia siku ya tatu hivi baada ya kujifungua. Hayo hupita yenyewe katika muda wa majuma mawili, wala hayahitaji dawa ila upole. Yasipopita, au yakija baadaye na kukaa, mama akakosa usingizi hata mtoto alalapo, akapoteza hamu ya chakula, akajiona hafai kitu, hapo ni maradhi, na madaktari huyaita sonona. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano waliojifungua hupatwa na maradhi ya akili, na sehemu kubwa ya maradhi hayo ni sonona. Upo pia wazimu wa uzazi, ambao ni nadra; humpata mama mmoja au wawili katika kila 1,000. Huyo huweza kusikia sauti zisizokuwapo na kuamini mambo yasiyo ya kweli, na maisha yake na ya mtoto wake huwa hatarini.

Wapo wasemao kwamba haya ni maradhi ya Wazungu, yameletwa na vitabu. Basi na tutazame Uganda. Waganda wana jina la lugha yao wenyewe kwa maradhi ya akili yampatayo mzazi: amakiro. Daktari John Cox, aliyefanya kazi huko katika miaka ya 1970, aliandika juu yake mwaka 1979; na mwaka 1987 yeye na wenzake wawili walitoa maswali 10, yenye jina la mji wa Edinburgh, ambayo leo hutumiwa katika nchi nyingi kumpima mzazi. Kwa hiyo Waafrika waliyaona maradhi haya kwa macho yao. Kilichoharibu maarifa yao ni hukumu waliyoyavika, kwa maana ilisemwa kwamba amakiro huletwa na uzinzi wakati wa mimba. Jicho liliona sawasawa, ulimi ukahukumu ovyo. Nasi tunaocheka imani hiyo ya jirani twafanya vivyo hivyo tunapomwita mgonjwa mvivu.

Tuje kwenye visababu. Mwili una sehemu yake. Kondo la nyuma likishatoka, homoni zilizokuwa nyingi wakati wa mimba hushuka ghafula, na usiku wa kukesha humaliza nguvu zilizobaki. Mwanamke aliyewahi kuugua sonona zamani yumo hatarini zaidi. Lakini kila mzazi hushukwa na homoni hizo, na si kila mzazi augua. Sehemu nyingine, ambayo ndiyo ninayoishtaki, imo nyumbani: ufukara, kipigo, mimba isiyotakiwa, mume asiyejali, upweke. Vikram Patel na wenzake waliwachunguza akina mama wa Goa, India. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2002, yalionyesha kwamba ufukara na ndoa mbaya viliandamana na sonona, na kwamba kuzaliwa kwa mtoto wa kike kuliizidisha hatari hiyo. Msichana mchanga hana sumu yoyote. Sumu imo katika nyuso za waliokuwa wakingojea mvulana.

Najua nitajibiwa kwamba bibi zetu walizaa watoto wanane, tisa, wala hawakuwa na mambo haya. Nauliza: ni nani aliyewauliza? Tena bibi alizaa akiwa na mikono mingi ya kumsaidia. Mzazi wa leo hukaa katika chumba cha kupanga mjini, mume yuko kazini tangu alfajiri, na mama mkwe yuko mbali safari ya siku nzima. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Anayeuza sukuma wiki kando ya barabara hapewi hata juma moja, na asipouza hali.

Wala isidhaniwe kwamba dawa yake ni ya matajiri tu. Huko mashambani Pakistan, wanawake wahudumu wa afya, ambao wengi wao elimu yao ni ya shule ya sekondari, walifundishwa kwa siku chache namna ya kuzungumza na mama mwenye sonona, kisha wakawatembelea majumbani tangu mwezi wa mwisho wa mimba. Atif Rahman na wenzake walitangaza matokeo mwaka 2008: watoto walipofikia miezi sita, akina mama 23 katika kila 100 walikuwa bado na sonona, miongoni mwa waliotembelewa bila mazungumzo hayo walikuwa 53. Zingatia, msomaji, kwamba hao waliowaponya wenzao hawakuwa na elimu kubwa kuliko utakayokuwa nayo ukimaliza shule.

Na mzazi huyo huenda akawa katika darasa lako. Taratibu zilizotolewa na serikali ya Kenya mwaka 2020 humruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni. Yeye amerudi na mzigo wa aibu, wa kukesha, na pengine wa baba wa mtoto aliyemkana, halafu anaketi kati ya wenzake wanaochekeana wakimwona maziwa yamelowesha sare yake. Wanaocheka hivyo wana sehemu yao katika ugonjwa wake, wawe wavulana au wasichana. Ikiwa amenyamaza siku nyingi, mwulize hali yake yeye, si ya mtoto peke yake, nawe usikilize bila kumpa mawaidha. Kisha mweleze mwalimu mnayemwamini, au mfuatane naye kliniki. Akisema anataka kufa, au kwamba mtoto si mtoto bali kitu kingine, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake, hata kama arobaini yake haijaisha.