Mbona Maua ya Mlima Hayana Meza Katika Maonyesho?

Kila mwaka wananchi wa Meru na Embu hukusanyika katika maonyesho ya kilimo, na hapana shaka huona mengi ya kuwafurahisha. Huona fahali walionona hata ngozi zao zinang'aa kama zilizopakwa mafuta. Huona mikungu ya ndizi, kahawa, majani chai na mahindi ya kila aina, na husikia kwaya za shule zikishindana mpaka sauti zikakauka. Upande wa maua nao haukosi watu. Kuna waridi, dalia na jeraniamu, na akina mama husimama hapo wakiomba vipandikizi vya kwenda kujaribu nyumbani.

Nimezunguka katika vibanda hivyo miaka mingi. Mpaka leo sijapata kuona meza iliyopangwa mimea ya Mlima Kenya, ule ambao Wameru huuita Kirimaara na ndugu zao wa Embu huuita Kirinyaa. Mlima uko nyuma yetu, maji tunayokunywa yanatoka humo, lakini maua yake hayana meza. Mgeni akituuliza huko juu humea nini, wengi wetu tutamjibu, "Ni miti tu na majani." Jambo hili si dogo, na leo nataka kulisema bila kuficha.

Kwanza tukumbushane ni mimea gani ninayoitaja. Mtu akipanda kwa njia ya Chogoria au ya Sirimon, akishapita msitu na vichaka vya erika, hufika kupita mita 3,500 na kuona kwamba dunia imebadilika. Mchana jua linachoma. Usiku maji yanaganda. Olav Hedberg, mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi aliyeizuru milima ya Afrika Mashariki mwaka 1948, alieleza kwamba huko ni kiangazi kila mchana na majira ya baridi kila usiku. Mmea utakaoishi mahali kama hapo ni lazima uwe na akili yake.

Chukua lobelia ya mabondeni, ambayo haimei kwa asili mahali pengine popote duniani ila katika mlima huu. Majani yake yamejipanga kama kabichi na katikati yamekinga maji. Usiku uso wa maji hayo huganda, lakini chini ya barafu maji hubaki maji, na chipukizi lililo ndani halifi. Lobelia nyingine imepewa jina la Teleki, yule mtu wa Hungaria aliyeupanda mlima mwaka 1887 asifike kileleni. Hiyo husimama kama mshumaa uliovishwa sufu, hata ukampita mtu kimo. Huishi miaka mingi bila kutoa ua. Ikishatoa mara moja, hufa. Ndege aitwaye chozi huja kutafuta utamu wake ndani ya sufu hiyo. Kisha kuna senesio, mti unaoweza kufikia mita 6, ambao hautupi majani yake makavu bali huyavaa shinani kama mzee aliyejifunga blanketi. Miguuni pake, kati ya mawe, yamo maua madogo ya helikrisamu, makavu kama karatasi, yasiyonyauka hata yakikatwa.

Nayasema haya nikiwa na deni. Nilipokuwa mvulana wa shule, siku ambazo Chogoria ilikuwa bado ikihesabiwa katika Wilaya ya Meru, klabu yetu ilipandishwa mlimani. Huko juu mimi na mwenzangu tuling'oa lobelia changa, tukamwaga maji yake, tukaitia katika mkebe mtupu wa Kimbo na kuificha ndani ya sweta. Nia yetu ilikuwa njema: maonyesho fulani ya kilimo yalikuwa karibu, nasi tulitaka shule yetu ipate utepe.

Tukaiweka mezani kati ya mawaridi. Mwamuzi akaja na beji yake kifuani, akauinua mkebe, akauliza, "Nani ameleta kabichi kwa maua?"

Nikasema, "Si kabichi, mzee. Ni lobelia ya mlimani."

"Basi ipelekeni kwa mboga," akasema, na watu wakacheka. Utepe ukaenda kwa waridi.

Siku ya tatu lobelia yetu ilioza moyo. Usiku wa chini ulikuwa na joto mno kwake. Nilipokwenda kumlalamikia babu juu ya mwamuzi, nilitazamia anionee huruma. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na wewe, mjukuu wangu, ulipoing'oa ulimwomba nani?" Sikuwa na la kujibu. Mlima ule ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1949, na kung'oa mmea humo bila ruhusa ni kosa. Lakini babu hakuwa akiulizia sheria ya serikali peke yake.

Tangu siku ile nimeelewa kwamba makosa yalikuwa mawili. Mwamuzi alikosa kwa kutoujua mmea wa nyumbani kwake. Sisi tulikosa kwa kudhani kwamba kuonyesha ni kung'oa. Nikitafuta dawa ya makosa yote mawili, naiona ni moja: kuwe na meza ya mimea ya mlima katika maonyesho ya Meru na Embu, na meza hiyo iwe na masharti.

Tusidhani jambo hili ni geni. Huko Uingereza kuna chama kiitwacho Alpine Garden Society, kilichoanzishwa mwaka 1929, ambacho huandaa maonyesho ya mimea ya milimani na ya bustani za mawe. Watu huleta vyungu vidogo, vingine havizidi bakuli la uji, na ndani yake mna mmea mmoja uliotunzwa miaka na miaka. Hushindana kwa makundi kufuatana na ukubwa wa chungu, na yapo makundi ya mimea ambayo mwenyewe ameiotesha kwa mbegu. Aliye bora kupita wote hupewa nishani yenye jina la Reginald Farrer, yule aliyetoa kitabu chake cha bustani ya mawe mwaka 1907 na kuwafundisha Waingereza kwamba mawe ya bustani yapangwe kama yanavyolala mlimani. Linalonivutia ni hili: sifa hapo haipewi mwenye ua kubwa tu. Hupewa mwenye subira na mkono mwema.

Afrika nayo ina mfano. Bustani ya Kirstenbosch ya Afrika Kusini ilianza mwaka 1976 kupeleka mimea ya kwao katika maonyesho makubwa ya Chelsea, London. Hawakupeleka waridi; Waingereza wanazo. Walipeleka protea na maua mengine ya milima yao, na dunia ikasimama kuyatazama.

Hata hapa jirani kuna kisa cha kutufunza. Katika milima ya Usambara kuna kiua kidogo cha zambarau kinachopenda miamba yenye kivuli na unyevu. Mwaka 1892 mtawala Mjerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mimea hiyo kwao. Mwaka uliofuata, 1893, kiua hicho kilionyeshwa Ghent, Ubelgiji, na tangu hapo kimeingia katika madirisha ya nyumba za watu duniani kote. Ndugu yake yuko hapa Kenya, katika vilima vya Taita. Ni Waafrika Mashariki wangapi wanaojua kwamba ua hilo la dirishani limetoka kwao? Asiyeonyesha kilicho chake, wengine watamwonyeshea, nao ndio watakaokipa jina.

Najua kuna watakaonipinga. Watasema maonyesho ni ya mkulima. Mkulima ataka kujua dawa ya mahindi na bei ya maziwa, na lobelia hailiwi. Nakubali hailiwi. Lakini waridi nayo hailiwi, na pale Timau, mlimani humo humo, kuna mashamba ya waridi zinazouzwa Ulaya na kuwalisha watu wengi. Tena hicho tunachokiita leo Chama cha Kilimo cha Kenya kilizaliwa mwaka 1901 kikiwa na neno la bustani ndani ya jina lake. Meza moja ya mimea ya mlima haitamfukuza ng'ombe hata mmoja.

Wengine watasema, na hawa nawaheshimu zaidi, kwamba nikitangaza zawadi, kesho vijana watapanda mlima na majembe. Ndiyo maana nasema masharti yatangulie meza. Kwanza, mmea wowote uliong'olewa mlimani usipokewe, na aliyeuleta asishindane. Kila chungu kiwe na karatasi inayoeleza mbegu ilitoka wapi na kwa ruhusa ya nani. Pili, mwonyeshaji awe ameutunza mmea huo mwenyewe tangu ulipoota. Tatu, waamuzi wafundishwe kwanza, tusije tukarudi kwenye habari za kabichi.

Ruhusa ya kuchuma mbegu hifadhini iombwe na shule au chuo kwa Shirika la Wanyamapori, isiwe kazi ya mtu mmoja mmoja. Mbegu za lobelia ni ndogo kama ugoro. Chache tu zatosha kitalu kizima. Tena tusianze na zile za juu kabisa. Zitatushinda, kama zilivyonishinda mimi, kwa sababu zinataka usiku wa baridi. Tuanze na za chini kidogo: helikrisamu, gladiola nyekundu yenye jina la Mackinder, aliyefika kilele cha Batian mwaka 1899, na ile nifofia yenye kichwa kama kaa la moto. Shule za Timau na Kibirichia, ambako viazi hustawi na watu hulala na blanketi mbili, zina hewa ya kufaa. Vivyo hivyo shule za Embu ya juu, Manyatta na Kianjokoma, penye majani chai. Na mjini Meru, Makumbusho tayari yana bustani ya mimea ya dawa. Kungekuwa na ubaya gani kuongeza hapo kilima cha mawe chenye maua ya mlimani, ili mtoto asiyeweza kulipa ada ya kuingia hifadhini apate kuyaona?

Haraka yangu ina sababu. Barafu ya Lewis, ambayo wazee wetu waliitazama ikiwa kubwa na nyeupe, imebaki vipande. Mwezi wa Machi 2012 moto uliteketeza eneo kubwa la mlima, ukapanda hata kwenye majani ya juu. Joto likizidi, mimea ya chini hupanda kutafuta baridi. Lakini ile iliyo juu itapanda kwenda wapi? Juu ya kilele hakuna mlima mwingine. Watu hawawezi kulilia kitu wasichokijua. Mtoto aliyeotesha lobelia katika mkebe, akaimwagilia miaka mitatu, akaileta mbele ya watu na kulitaja jina lake bila kuchekwa, huyo siku akisikia mlima unaungua hataendelea kunywa chai.

Basi nawaomba wenye kuandaa maonyesho ya Meru na Embu watutengee meza moja tu, hata iwe pembeni karibu na mizinga ya nyuki. Utepe si lazima uwe mkubwa. Mimi sitaleta chungu, kwa maana mkono wangu ulikwisha kuharibu. Lakini nitafika mapema, nisimame hapo, na atakayepita akauliza kabichi hii imetoka wapi, nitamweleza.