Chokaa Ni Nzuri, Lakini Nani Analipa?

Kila kiangazi, wakulima wa bustani kando ya mito Lubumbashi na Kafubu wanauliza: mayi haya tunayomwagilia lengalenga, tunaweza kuyasafisha? Jibu letu ni ndiyo, kwa kiasi. Na dawa haiko mbali: chokaa, ambayo mawe yake yanachimbwa Kakontwe, kule Likasi.

Si uchawi. Mayi yenye asidi yanabeba shaba, kobalti na zinki bila wewe kuyaona, kama chai inavyobeba sukari. Ukitia chokaa, asidi inapungua, na madini yanagandana na kuzama chini. Shaba inazama mapema. Kobalti na zinki zinataka chokaa zaidi.

Kwa udongo pia inasaidia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walitumia chokaa na mboji huko Penga Penga, mahali palipoharibiwa na moshi wa kiwanda cha shaba kilichoanza 1911, na nyasi za kienyeji zikapata kuota. Lakini zile zilikuwa nyasi, si mboga za kuuza sokoni.

Kwa hiyo tujue mipaka. Tope linalobaki chini ya pipa ndilo lenye sumu, usilimwage shambani. Mayi ya kunywa, usiyaamini kwa sababu tu yameonekana safi. Kuyachemsha kunaua vijidudu, madini yanabaki palepale.

Kuna wanaosema: chokaa ni rahisi, koperative ijinunulie, basi, maneno yameisha. Hapo hatukubali. Aliyechafua mto hawezi kumwachia mkulima mfuko wa chokaa na deni lake. Sheria ya madini ya 2018 inataka kila kampuni inayochimba itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Zahanati na shule ni vizuri, lakini mayi ya bustani nayo ni maendeleo.

Basi, ndugu wanamemba, kabla ya mkutano wa kupanga miradi hiyo, andikeni pamoja mambo matatu: mayi, udongo na mboga zipimwe kiangazi na wakati wa mvua, na majibu yasomwe mbele ya wote, chokaa ifike kabla ya kupanda, na tope lichukuliwe na walioleta uchafu. Mmoja akiomba peke yake, karatasi inalala mezani. Koperative nzima ikiweka sahihi, itabidi wajibu.