Mgeni Asiyekuja na Mzigo

Katika mkoa wetu wa Simiyu, uliomegwa hasa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na kupewa Bariadi iwe makao yake makuu, mgeni amezoeleka kutambulika kwa alichokibeba: wamisionari waliotua Nassa, iliyo leo katika wilaya ya Busega, mwishoni mwa karne ya 19, walikuja na kitabu, mnunuzi wa pamba alikuja na mizani, na umati uliofurika Nyakabindi kwa maonyesho ya Nane Nane ya mwaka 2018 ulikuja na mbegu, matrekta na ahadi. Silaumu, kwani mkulima anayetegemea mvua isiyoaminika ana haki ya kumwuliza apitaye amemletea nini. Ninachohofu ni kwamba swali hilo, likikaa sana kinywani, huifukuza salamu.

Nimelitafakari jambo hili tangu asubuhi moja tulivu jijini Dar es Salaam, nilipokuwa nikitembea Upanga, kabla mitaa haijajaa watu, pamoja na sahibu yangu mmoja, mfanyabiashara wa pamba wa hapa Bariadi, tukakutana ghafla na watawa wawili wa Kibudha, vichwa vimenyolewa, wamejitanda nguo za rangi ya zafarani, nao wakatuinamia kwa staha, wakapita zao bila kunena. Mwenzangu akawasindikiza kwa macho hata kona, kisha akauliza, kwa shauku ya mtu atakaye jina lake liandikwe mapema: “Hawa ni wa mradi gani?”

Hawakuwa wa mradi wowote, wala si wageni wa jana. Hekalu la Wabudha lililoko Upanga asili yake ni jamaa wa Kisinhala waliotoka kisiwa cha Seilani, leo Sri Lanka, nalo lina historia inayorudi hadi miaka ya 1920. Maana yake limeutangulia hata ule muungano wa vyama vya ushirika vya Victoria wa mwaka 1955, ambao wazee wetu wa pamba huusimulia kama habari za kale.

Na sharia ya watawa hao ni ya ajabu kwa sisi tuliolelewa na mizani. Mtawa wa madhehebu ya Theravada, aliyefungwa na kanuni 227, hali baada ya adhuhuri, hajiwekei akiba ya chakula, na huishi kwa kile atiliwacho bakulini. Hata hivyo haombi, bali husimama kimya, na anayetoa ndiye ajihesabuye kuwa amepata fadhila, kwa sababu amefunguliwa mlango wa thawabu. Bhikkhu Buddharakkhita, Mganda aliyepata daraja ya utawa huko Marekani mwaka 2002 na kuanzisha kituo cha Kibudha nchini kwao mwaka 2005, karibu na ziwa lile lile linalopokea maji ya mto wetu Simiyu, amesimulia jinsi watu walivyolidhania bakuli lake kuwa ngoma, na wengine, Mungu atuhifadhi, kuwa bomu.

Sidhani kwamba sisi tungefanya vyema zaidi. Mtu akisimama kimya alfajiri mlangoni kwa watu pale Somanda, mwenyekiti ataitwa kabla uji haujaiva, na tahadhari hiyo ina asili yake, maana sungusungu ilizaliwa Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walipokuwa wamewanyima watu usingizi. Lakini Usukuma ule ule ulikuwa na adabu nyingine, iliyo kongwe zaidi: “Mwangaluka” ya asubuhi, itolewayo bila haraka, ikifuatwa na habari za ukoo, za watoto na za mifugo, na haja ya mgeni ikingojea nje kama fimbo yake mpaka amalize kuketi. Adabu hiyo ilimpokea mtu kabla ya kuupokea mzigo wake, nami nathubutu kusema kwamba ingewatosha hata wale wawili wa Upanga.

Kwa ajili hiyo tuliwaomba waandishi wa toleo hili waeleze habari za mgeni mmoja aliyewahi kupita vijijini mwao, pasipo kutaja faida aliyoiacha. Baadhi yao walishindwa, wakaishia kwenye kisima na zahanati. Makala zao tumezichapa vivyo hivyo, pamoja na nyingine.