Kipande Kisicho na Jina ni Takataka

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na safari hii si kazi ya ofisini iliyonizuia. Nimekuwa nikipanga mabaki ya mbao. Basi leo tuiweke tarakilishi kando kidogo, ingawa mtaona kwamba hatutaenda mbali nayo.

Nyuma ya nyumba nina karakana ndogo: meza moja, msumeno wa umeme, randa, jiliwa la zamani na paa la mabati linalonikaanga ifikapo saa saba mchana. Siku za kazi nashinda nikiandika programu; Jumamosi naingia humo nitengeneze kitu kinachoshikika. Na kila anayekata mbao anajua hali ilivyo. Unanunua futi 12 za saiprasi ya inchi 6 kwa 1 utengeneze rafu, unabaki na kipande cha urefu wa mkono. Kukitupa huwezi, mbao ni ghali. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, bei zilipaa. Julai 2023 Rais alitangaza kuiondoa marufuku hiyo, lakini mimi bado sijatoka kwa muuza mbao nikitabasamu.

Ndiyo maana ushauri wa mafundi wengi ni ule ule: usitupe kitu, siku moja kitakufaa. Akiba haiozi. Mimi naona ushauri huo ni nusu tu. Kipande usichojua ni cha mti gani, kilitoka wapi na kitafanya kazi gani si akiba. Ni takataka, na wakati mwingine ni hatari.

Hili nimejifunza kwa aibu. Mwaka jana rundo langu lilifika dirishani, nikaona nitende wema. Nikajaza gunia nikampelekea mama jirani anayepikia kuni. Alishukuru sana. Siku ya tatu akaniita.

"Kijana wangu, hizi kuni zako ni za miti gani? Zinawasha macho, na moshi wake unanuka kama dawa. Mtoto amekohoa usiku kucha."

Sikuwa na jibu. Tulimwaga gunia chini tukachambua. Saiprasi ilikuwemo, sawa. Lakini ilikuwemo pia MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ambao haufai kabisa kuwa kuni. Na kibaya zaidi, vilikuwemo vichwa vya nguzo za kuzungushia seng'enge, zile zilizotiwa dawa. Dawa inayotumika sana kwenye nguzo za aina hiyo ina shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Ukichoma mti huo, sehemu yake hupaa na moshi na nyingine hubaki kwenye majivu. Na majivu mama alikuwa ameshayamwaga kwenye sukuma wiki yake. Marekani waliacha kuitumia dawa hiyo kwa sehemu kubwa ya ujenzi wa nyumbani mwishoni mwa 2003. Kawaida mbao hizo hutambulika kwa rangi ya kijani, ila rangi hufifia kwa jua na mvua, na kipande kikafanana na vingine vyote.

Tulizoa majivu pamoja na udongo wa juu, tukang'oa mboga. Kikohozi cha mtoto kilipoa, namshukuru Mungu. Lakini gunia la pili mama hakulitaka, wala simlaumu.

Nilipotafakari, nikaona kosa hilo nalijua kutoka ofisini. Kila programu kubwa ina sehemu ya zamani ambayo mtu aliiacha akisema labda tutaihitaji. Hakuandika ni ya nini. Miaka inapita, hakuna anayeitumia na hakuna anayethubutu kuifuta. Mimi hulalamika sana juu ya jambo hilo, kumbe karakana yangu ilikuwa hivyo hivyo.

Siku hizi nafuata kanuni tatu.

Kwanza, penseli. Msumeno ukizimwa tu, naandika juu ya kipande: aina ya mbao, mwezi, na herufi D kama kimetiwa dawa. Nisichokijua nakihesabu kuwa na dawa: hakiendi jikoni, hakiendi kwa kuku.

Pili, kreti moja tu. Ikijaa, lazima kimoja kitoke ndipo kingine kiingie. Kilicho kifupi kuliko shubiri hakiingii, isipokuwa kiwe mbao ngumu.

Tatu, kazi ianzie kwenye kreti kabla ya kwenda dukani. Vipande vinne vya saiprasi vimenipa kiegemeo cha kuinua tarakilishi hadi usawa wa macho, na shingo imepumzika. Vipembe vya pembetatu hukaza miguu ya meza kwa ndani. Mbao ngumu huwa kabari au vishikio vya droo. Kipande kirefu chembamba ni fimbo ya kusukumia mbao kwenye msumeno; vidole vyangu 10 vipo vyote kwa sababu yake. Hata maranda ya mbao safi hutandikwa kwenye banda la kuku.

Najua wapo watakaosema fundi wa jua kali hana muda wa kuandika andika. Kuandika neno moja ni sekunde tano. Mimi nilikosa sekunde hizo, na mtoto wa mwenzangu akakosa usingizi.

Mwezi uliopita nilimtengenezea mama kigoda kutoka kwenye kreti ile. Kabla hajakikalia, alikigeuza akatazama chini yake. Nilikuwa nimeandika: saiprasi, haina dawa. Akakaa.

Je, rundo lako lina nini ndani yake?