Tableti ya kuchorea si mchezo, ni kazi ya mkono

Redio haionyeshi picha. Leo nitasema juu ya picha, mtanivumilia.

Karibu na nyumba ninapokaa hapa Goma, upande wa Ndosho, kuna bango lililobandikwa kwenye ukuta wa mbao. Linawaonya watoto wasiguse mabomu yaliyobaki ardhini. Onyo hilo ni la maana, hakuna wa kulibisha. Tangu mapigano ya mwezi wa kwanza 2025 watoto wa mji na wa vijiji vya kandokando wanaokota vitu ambavyo hata mimi mtu mzima sivijui. Lakini bango lenyewe linaonyesha mtoto kwenye majani mabichi, mbele ya nyumba ya mviringo ya nyasi, na miguuni pake liko bomu kubwa jeusi lenye utambi, kama la kuchekesha watoto. Maandishi yote ni ya Kifaransa. Siku moja nilimwuliza mtoto wa jirani, ambaye familia yao ilihama kutoka Masisi, bango hilo linasema nini. Akaliangalia kidogo, akanijibu: “Baba, hayo ni mambo ya kijiji cha watu wengine. Hapa kwetu hayapo.”

Ana haki. Hapa kwetu kuna mawe meusi ya Nyiragongo, nyumba za mbao na mabati, bidoni ya njano, chukudu imeegemezwa kwenye ua. Bomu la mkono likishika kutu juu ya mawe hayo linafanana na jiwe lingine lolote. Anayeweza kulichora hivyo, mtoto akalitambua, ni mtu aliyekanyaga mawe haya. Watu hao tunao. Wengine walikuwa wanachora mabango huko Sake na Kitshanga mbele ya kuhama, na leo wanabeba mizigo Kituku.

Maoni yangu ni haya: vijana hao wafundishwe kuchora kwa tableti, lakini wafundishwe kama fundi anavyofundishwa, kwa kazi zenye mteja na malipo. Kama ni zawadi ya kufurahisha wakimbizi, bora pesa hizo zinunue unga.

Nawajua wasomaji wangu. Kuna mama atakayesema: watu hawana pa kulala, kambi zilibomolewa mwezi wa pili 2025, wewe unatuletea kalamu ya umeme? Mama, swali lako ni zuri. Jibu langu linaanzia Birere.

Zamani pale Birere kila kinyozi, kila duka la dawa, kila mgahawa ulikuwa na ubao wake uliochorwa kwa brashi. Kazi hiyo ililisha nyumba nyingi, na haikuwa kazi ya kudharauliwa. Chéri Samba, ambaye picha zake zilifika Paris mwaka 1989 katika jumba la Pompidou, alianza kwa kuchora mabango ya maduka Kinshasa. Barly Baruti wa Kisangani alifika mbali kwa hadithi za michoro. Kwa mkono, nchi yetu haina deni kwa mtu. Lakini siku hizi mteja anataka bango la plastiki lililoprintiwa, na anayelitengeneza ni yule mwenye kompyuta kwenye sekretariati, hata kama hajui kuchora sikio la mbuzi. Anaokota picha kwenye intaneti, anaweka jina la duka, amemaliza. Ndiyo maana kinyozi wa Majengo ana sura za watu wa Marekani mlangoni. Mchoraji wa brashi amebaki nje na ufundi wake, na mwenye kompyuta amebaki ndani bila ufundi. Tableti ndiyo inayoweza kuwakalisha hao wawili kwenye meza moja.

Kwa ambaye hajaiona, ni ubao mwembamba wa plastiki, mkubwa kama daftari, na kalamu yake. Ile ya bei ndogo haina kioo: unachora juu ya ubao, mstari unatokea kwenye kompyuta au kwenye simu. Kalamu haina wino, na nyingi hazina hata betri, kwa sababu ubao wenyewe unaihisi kalamu ilipo. Ukikandamiza, mstari unanenepa. Ukilegeza, unakonda. Inakula umeme mdogo sana, ule wa simu unatosha, kama simu ni ya aina inayoikubali na una ule waya mfupi wa OTG. Ndogo kabisa, kwenye maduka ya ng'ambo, hazifiki dola 60. Mpaka ifike huku kwa mikono ya wafanyabiashara wa Kigali au Kampala bei inapanda, lakini haifiki bei ya simu nzuri.

Sasa, kujifunza. Hapa ndipo wengi wanadanganywa, kwa hiyo nitakawia kidogo.

Nilikaa siku nyingi kando ya kijana mmoja wa Sake, mwenye miaka zaidi ya kumi kwenye brashi, akianza na tableti. Siku ya kwanza alitaka kuitupa. Mkono uko hapa, macho yako kule, na kichwa kinakataa. Alikuwa anachora mstari kama mtoto wa mwaka wa kwanza. “Mzee,” akaniambia, “mkono wangu umekufa.” Haukufa. Alipewa zoezi la mistari mirefu, maduara, na kuandika jina lake, kila siku kama saa moja, bila kuchora kitu kingine. Kwenye wiki ya tatu mkono ukarudi.

Maduara yake yalikuwa yanatoka kama mayai. Alidhani kosa ni lake, kumbe umbo la ubao na umbo la kioo cha kompyuta havikulingana. Unaingia kwenye mipangilio, unavilinganisha, duara linakuwa duara. Alipounga ubao kwenye simu, sehemu moja tu ndiyo ilikuwa inasikia kalamu. Akasema imeharibika. Haikuharibika: simu imesimama wima, basi ubao unatumia kipande kinachofanana nayo. Mtu asiyeambiwa hayo anauza tableti yake wiki ya kwanza.

Kilichomfurahisha ni kitu ambacho hakuna aliyemfundisha. Aliweka juu ya ubao karatasi yenye mchoro wake wa penseli, akapitisha kalamu juu yake, na mstari ukatokea kwenye kioo. Ubao unasoma hata karatasi ikiwa katikati. Toka siku hiyo anachora kwanza kwa penseli barazani, mchana, bila umeme wala mtu wa kumlipa mega. Umeme ukirudi, anapitisha. Mimi naona hiyo ndiyo njia ya huku kwetu: penseli kwanza, halafu simu kwa kidole, halafu tableti. Anayeanza na tableti bila penseli atajua vitufe tu.

Programu isimtishe mtu. Krita ni ya bure, si ya wizi, na ikisha kuwekwa kwenye kompyuta haiombi intaneti. Inabebwa kwa flashi kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Kwenye simu kuna ibis Paint, nayo ina ya bure, ila inakusumbua na matangazo. Zote zina matabaka. Sisi tuliosoma kwa chaki tuyaelewe kama karatasi za kalki zilizopangwa moja juu ya nyingine: nyumba kwenye moja, mtoto kwenye nyingine, maandishi kwenye ya juu. Na hapo kwenye maandishi ndipo faida kubwa ilipo. Bango la brashi ukiliandika Kiswahili limekwisha. La tableti unaondoa tabaka la maneno, unaweka Kihunde, kesho Kinande, keshokutwa Kinyarwanda au Mashi, na mchoro ni ule ule. Mama aliyekimbia na watoto wanne anasomewa kwa lugha ya nyumbani kwake.

Kuna jambo lingine ambalo watu waliohama watalielewa mbele ya wengine wote. Kijana huyo aliacha Sake mbao zake, rangi zake na daftari zote za michoro. Aliondoka na simu. Mchoro ulioko kwenye simu, na nakala yake kwenye flashi ya dada yake, unakimbia pamoja nawe.

Sasa malalamiko. Miaka iliyopita shirika moja, silitaji, lilileta tableti kumi kwa vijana waliokuwa kambini. Mafunzo yalidumu wiki tatu, mwalimu alitoka mbali, picha zikapigwa nyingi, vyeti vikatolewa, na siku ya mwisho tableti zikarudishwa kwenye kabati. Wiki tatu! Mkono ndio kwanza ulikuwa umeanza kusikia. Hakuna kijana hata mmoja ninayemjua aliyepata kazi kutokana na cheti kile. Na wakati vijana wanaimba siku ya kufunga, mabango ya usafi yaliyokuwa ukumbini yalikuwa yamechorwa na kuprintiwa mahali pengine, yenye vile vile vijumba vya nyasi. Mimi nilikuwepo. Nilikula mandazi yao na sikuuliza swali. Leo ninauliza.

Tableti mbili tu, kwenye sekretariati mbili zenye umeme na printa, zingefanya zaidi ya kumi za kabatini. Mwenye sekretariati anapata mchoraji. Mchoraji anapata mashini asiyoweza kununua. Wadogo wawili watatu wanakaa kando wakiangalia, kama wanavyokaa kwa fundi seremala. Mafunzo yanakuwa ya miezi sita, mwaka, na yanalipwa na kazi zenyewe: kadi za harusi, fulana za kanisa, mabango ya kinyozi, vitabu vya kuhesabu vya watoto.

Na ofisi za afya na mashirika yapeleke kazi hapo. Hizo ndizo zenye pesa za mabango. Ipindupindu hakijatoka Goma. Mpox ilipotangazwa dharura ya dunia mwezi wa nane 2024, Kivu ndiyo ilikuwa katikati ya habari. Kila ugonjwa unakuja na mabango yake. Kwa nini pesa ya kuchora bidoni ya njano iende kwa mtu ambaye hajawahi kuibeba?

Wengine watasema kompyuta siku hizi inachora yenyewe, ukiiambia tu. Nilijaribu. Niliomba chukudu, ikanipa baiskeli ya mbao yenye pedeli. Tulicheka sana.

Kwa vijana watakaopata kazi, maneno matatu ya fundi kwa fundi. Mchoro wa kuprintiwa kwenye A4 usiwe chini ya pikseli 2480 kwa 3508, la sivyo utatoka na ukungu, na huwezi kuukuza baadaye. Ukiutuma kwa WhatsApp, utume kama dokumenti, kwa maana ukiutuma kama picha unapunguzwa njiani. Na rangi ya kijani inayong'aa kwenye simu haitang'aa kwenye karatasi. Print moja kwanza, uiangalie kwenye jua, ndipo uprinti zilizobaki. Kijana wetu alipoteza karatasi nane kwa kujifunza hilo, na karatasi hazikuwa zake.

Nirudi kwenye bango la mabomu. Tulikubaliana alichore upya. Tulimtafuta mtu wa kazi ya kutegua mabomu atuambie ni vitu gani hasa vinaokotwa hapa na ni kipi kisichorwe vibaya, na alitusaidia bila kutudai kitu. Kijana akachora mawe meusi, ua wa mbao, mtoto na bidoni yake, na kitu kile chenye kutu, kidogo, nusu kimejificha. Chini yake Kiswahili cha huku, maneno sita. Mchoro ukarudiwa mara nne, kwa sababu mara ya kwanza kilipendeza mno na mtoto angetaka kukishika.

Tulimwonyesha yule mtoto wa jirani. Safari hii hakusema ni kijiji cha watu wengine. Aliweka kidole kwenye kile kitu akasema: “Kama hiki kiko kule tunakokata majani ya sungura.” Mama yake alikuwa anatwanga sombe. Aliacha mtwangio.

Wahusika walikuja kesho yake, wakazungushia mahali hapo utepe, wakafanya kazi yao. Nasema hayo tu, mengine si ya kuandikwa.

Bango limeprintiwa mara kumi na mbili mpaka leo, kwa michango ya wazazi wa mtaa, franga mia tano tano. Yako matoleo ya Kiswahili na Kihunde, la Kinyarwanda linasahihishwa na mwalimu mmoja aliyehama kutoka Rutshuru. Kijana hajalipwa kitu kwa kazi hiyo, na asubuhi bado anabeba magunia Kituku. Ofisi iliyobandika lile la nyumba ya nyasi tumeiandikia barua mara mbili, na nakala ya mchoro tumewawekea kwenye flashi. Hatujajibiwa. Mchoro uko tayari, na wakitaka lugha nyingine ni kubadilisha tabaka moja, kazi ya nusu saa.